Mistari Arobaini na Moja Iliyonyamazishwa

Bwenini, 8 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa juu ya kitanda cha ghorofa, daftari liko magotini, kwa hiyo mwandiko ukipanda mlima usinicheke. Sisi sote wazima. Mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele kwa wiki moja na sasa tunamwita Kibogoyo. Anaitika bila aibu. Mama yuko zahanati bado, zamu za asubuhi, na viatu vyake vyeupe anavipiga rangi kila Jumapili kama kawaida. Anakusalimu sana.

Ile flashi uliyonitumia ndani ya soksi ilifika salama. (Soksi pia inafaa, ingawa ni moja.) Nimeiweka Kabati kwenye kompyuta ya maktaba ya shule. Nilimweleza mwalimu wa maktaba, Bi Miwani, kwamba Kabati ni kifurushi cha Python, lugha ya kuandikia programu, alichokitunga mjomba wangu mwenyewe, kwamba kinahifadhi taarifa kwenye majedwali na kuzitafuta haraka, na kwamba nikikitumia ninaweza kuandika orodha ya vitabu vyote ili tuachane na zile kadi zilizoliwa na mende. Akakubali. Nimeingiza vitabu elfu moja mia tatu na kumi na viwili, kimoja kimoja, saa za mapumziko.

Sasa nisikilize kilichonipata. Jumatatu Bi Miwani aliwaita wasichana wa darasa letu waje waone. Kabla sijaanza akaniuliza mbele ya wote, "Haitatuangusha?" Unajua mimi huwa sisemi mbele za watu. Lakini siku hiyo nilisema, na kwa sauti, "Haiwezi kuanguka, Mwalimu. Imekaguliwa." Kwa sababu nilikuwa nimekiendesha kile kikaguzi cha aina ulichoniwekea kwenye flashi, kile kinachosoma programu na kuangalia kama kila amri inarudisha aina ya kitu ilichoahidi, kikaniambia hakuna kosa hata moja.

Bi Miwani akaandika namba ya kitabu ambacho kumbe hatunacho. Kompyuta ikamwaga maandishi kioo kizima na programu ikafa. Yule rafiki yangu Kasuku, ambaye mdomo wake haupumziki hata akilala, akasema, "Imekaguliwa na nani, na Kibogoyo?" Darasa zima likaangua kicheko.

Bi Miwani hakucheka. Amesema ananipa mpaka tarehe kumi Juni. Siku hiyo ataijaribu programu tena mbele ya walimu wote. Ikianguka, tunarudi kwenye kadi, na kompyuta inakwenda kwa karani.

Mjomba, naomba unisaidie kuelewa. Amri yako ya tafuta_moja imeandikwa hivi mwishoni:

-> Safu

Yaani umeahidi kwamba mtu akitafuta, lazima atarudishiwa safu, ule mstari wa jedwali wenye kitabu chake. Kikaguzi kikakuamini. Na mimi nikakiamini kikaguzi. Lakini kitabu kisipokuwepo, Kabati hairudishi safu, inarudisha None, yaani hakuna kitu. Mbona haikuandikwa?

Mpwa wako,
Kimya


Ghorofa ya tatu, 27 Februari

Kimya wangu,

Marahaba, marahaba tena. Umeniandikia kurasa nne. Huyo aliyekupa jina la Kimya alikuwa hajawahi kupokea barua yako.

Mimi mzima. Meza yangu imevunjika mguu mmoja, nimeuegemeza kwa kibodi ya zamani, kwa hiyo kila nikibonyeza kwa nguvu meza inanijibu. Chini kuna fundi anayechomelea mageti. Anaanza saa mbili asubuhi na mimi huanza naye, kama vile tumeajiriwa pamoja. Mwambie Kibogoyo ahifadhi hayo meno, nitakuja kuyakagua.

Pole kwa Jumatatu ile. Dawa yake ni nyepesi. Kwenye programu yako, baada ya kutafuta, uliza kwanza: kilichorudi ni None? Kama ndiyo, andika "Hakuna kitabu hicho." Mistari miwili tu, na Bi Miwani atakupenda.

Kuhusu ile alama ya aina, ahadi ya Safu, hiyo ni tabia ya Kabati toka zamani. Usijisumbue nayo. Wewe andika programu yako, Kabati niachie mimi.

Salamu za mama yako nimezipata. Nimezisoma zaidi ya mara moja. Je, bado anafanya kazi na yule daktari mwenye kelele?

Mjomba wako


Bwenini, 13 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Jumapili ilikuwa siku ya kutembelewa. Mama alikuja na Kibogoyo, na sabuni, na daftari lenye jalada gumu. Kibogoyo ameota ncha ya jino jipya na anataka kila mtu aliguse. Yule daktari mwenye kelele alihamishwa mwaka jana. Nilimweleza Mama habari za Kabati, kwamba ni wewe uliyeiandika, na kwamba sasa inahifadhi vitabu vya shule nzima. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama madaftari yametosha. Anakusalimu.

Ile mistari miwili nimeiweka na inafanya kazi. Ahsante. Lakini Mjomba, mimi nikishaanza kusoma kitu siwezi kuishia katikati. Kompyuta yetu haina intaneti, ila Kabati yote imo kwenye flashi, kwa hiyo nimeisoma kama kitabu, faili moja baada ya jingine.

Nimekuta mistari arobaini na moja ambayo pembeni yake umeweka ile alama ya kukiambia kikaguzi, "Hapa pita, usiulize." Mara arobaini na moja kikaguzi kilitaka kukuambia kitu, ukakinyamazisha.

Nimeinakili yote kwa mkono, kwenye karatasi tano zilizoambatana na barua hii. Kushoto ni mstari wako ulivyo. Kulia ni jinsi ninavyodhani ungepaswa kuwa. Mingi ni ya namna moja: umeandika Safu, nami nimeandika

-> Safu | None

maana yake "safu, au hakuna." Ule mstari wa kusimama katikati ni kama neno "au." Namba 17 na namba 30 sina hakika nazo, nimechora alama ya kuuliza. Namba 22 nadhani ulikuwa na njaa.

Nina wazo jingine, nalileta kwa woga. Kungekuwa na amri mbili. Ya kwanza, tafuta_moja, inaweza kurudi mikono mitupu na inasema hivyo waziwazi. Ya pili, tuiite lazima_moja, inaahidi kuleta safu, na ikishindwa inapiga kelele palepale na kusema imekosa nini. Mtu achague anayoitaka. Lakini isiwepo inayoahidi halafu ikarudi kimyakimya bila kitu.

Kasuku amenisaidia kuhesabu kurasa. Anauliza kama mjomba wangu hana kazi nyingine ya kunipa.

Kimya


Ghorofa ya tatu, 2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Karatasi zimefika, na kona moja imelowa chai ya posta. Nimezipanga mezani kwa namba. Fundi wa mageti alikuja kuomba maji akaniuliza kama nasahihisha mitihani. Nikamwambia hapana, mimi ndiye mtahiniwa.

Namba 22 kweli nilikuwa na njaa. Namba 17 uko sahihi. Namba 30 umekosea, lakini umekosea kama mtu mwenye akili.

Ila siwezi kuibadilisha. Nisikilize vizuri. Kabati sasa inatumiwa na watu kama mia tatu, wengi siwajui hata kwa sura. Siku nikiandika "au hakuna," vikaguzi vyao vyote vitaamka. Mtu aliyelala na programu safi ataamka na mistari myekundu ya onyo hamsini, na atajua nani wa kumtukana. Kabati inafanya kazi. Wamezoea. Si kwamba sikujua, Kimya. Nilijua tangu siku ya kwanza. Niliandika Safu kwa sababu mara nyingi safu ipo, na ni vizuri kumwambia mtu jambo analotaka kusikia. Na zile chache ambazo haipo, nilisema nitazishughulikia baadaye.

Umefanya kazi nzuri mno kwa umri wako. Zihifadhi hizo karatasi, ingawa ninazo mimi.

Mwambie mama yako kwamba

Hapana. Msalimie tu.

Mjomba wako


Bwenini, 12 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Najua mtoto hamwambii mjomba wake ninayotaka kukuambia. Nimeiandika barua hii mara nne, na hii ndiyo iliyo laini kuliko zote.

Umesema ukiandika ukweli watu watapata mistari myekundu. Lakini makosa yao yapo tayari. Mistari myekundu haiyaongezi, inayaonyesha tu. Mimi sikuwa na mstari mwekundu hata mmoja, na bado nilisimama mbele ya darasa nikasema haiwezi kuanguka. Kama Kabati ingeniambia, "Angalia, huenda nisirudi na kitu," ningejiandaa. Kujiandaa si kazi kubwa. Umesema mwenyewe ni mistari miwili.

Siku Mama alipopewa cheti chake cha uuguzi mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili. Alisoma miaka mitatu huku akitulea. Ulisema utakuja. Asubuhi ulipiga simu ukasema uko njiani. Mama akakuwekea kiti mstari wa mbele, cha pili kutoka kushoto, akaweka mkoba wake juu yake. Nilihesabu watu watano walioomba kukaa. Wote aliwaambia, "Kina mtu, yuko njiani." Bibi mmoja mwenye mkongojo alisimama mpaka mwisho. Majina yalipoitwa, Mama alikwenda kuchukua cheti akawa anageuka kuangalia mlangoni, na kwenye picha amegeuka, sura haionekani.

Hukuja. Na hukusema kwa nini. Jioni ile tulikuwa tunapika, Mama akakunja mikono na kusema, "Basi," na hajasema zaidi mpaka leo.

Sasa niseme na langu, maana siwezi kukuhesabia yako nikaficha yangu. Mama hajawahi kukutumia salamu. Hata mara moja. Niliandika tu "anakusalimu" kwa sababu barua huandikwa hivyo, na kwa sababu nilidhani nikiendelea kuandika, siku moja itakuwa kweli. Uliposema umezisoma zaidi ya mara moja nilijisikia vibaya sana.

Kwa hiyo mstari wa arobaini na mbili ni wangu.

Nisamehe.

Kimya


Bwenini, 10 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wiki nne sasa. Kila Alhamisi mwalimu wa zamu anasoma majina ya wenye barua, nami nasimama karibu na mlango ili nisikie vizuri.

Sikuandikii kukukumbusha Kabati. Nimeamua nitajaribu peke yangu hiyo tarehe kumi, na ikianguka basi, kadi pia zinasomeka. Nakuandikia kukuambia kwamba jino la Kibogoyo limeota limepinda, na kwamba bado wewe ni mjomba wangu.

Kimya


Ghorofa ya tatu, 23 Mei

Kimya wangu,

Marahaba, mtoto wa dada yangu. Sikukasirika. Nataka uanze na hilo kabla ya mengine.

Siku ile ya cheti nilikuwa ofisini. Tangu saa moja asubuhi mfumo wa ofisi ulikuwa umekufa, na uliokufa ni ule uliojengwa juu ya Kabati. Mtu alitafuta kitu ambacho hakikuwepo. Umeelewa? Kosa lilelile. Nilipompigia dada nilikuwa nimekaa chini ya meza, waya mkononi. Nilikuwa najua siwezi kufika. Nikamwambia niko njiani kwa sababu alikuwa na furaha sana kwenye simu, na nikajidanganya kwamba nikimaliza kwa nusu saa ninaweza kulikimbilia basi la saa nne. Basi la saa nne likaondoka. La saa sita likaondoka. Baada ya hapo kila saa iliyopita ilifanya simu iwe nzito zaidi kuinua. Kisha ikapita wiki, kisha mwaka.

Habari ya kiti sikuijua. Wala ya yule bibi. Nilidhani nimekosa sherehe, sikujua kwamba dada aliniwekea nafasi mchana kutwa na kunitetea kwa watu watano.

Barua yako nilikaa nayo siku tatu bila kufanya lolote. Siku ya nne nikafungua Kabati, nikaanza na namba moja.

Imenichukua wiki nne, jioni kwa jioni, meza ikinijibu. Kila mahali nilipoandika "au hakuna," kikaguzi kilinionyesha mahali pengine ndani ya Kabati yenyewe ambapo nilikuwa nimejiamini bure. Nimekuta hitilafu sita za kweli ambazo sikuwahi kuzijua. Ya namba 30, ile niliyokwambia umekosea: hukukosea. Naomba radhi.

Hakuna hata mstari mmoja ulionyamazishwa sasa. Amri ni mbili, kama ulivyotaka. lazima_moja inapiga kelele vizuri sana, utaipenda. Nimeitoa kwa watu Jumamosi, pamoja na maelezo marefu juu ya nini kimebadilika na kwa nini. Mmoja ameniandikia kwamba nimemharibia wiki. Siku mbili baadaye akaandika tena kwamba amekuta shimo ambalo angetumbukia mwezi ujao. Kushukuru hakushukuru, lakini amenyamaza, nami nimeridhika.

Mwishoni mwa maelezo, kwenye orodha ya waliochangia, kulikuwa na jina langu peke yangu. Sasa tuko wawili. Nimekuandika "Kimya," kwa sababu sikujua kama ungependa wageni walijue jina lako.

Flashi mpya imo ndani ya soksi. Ni ya kushoto, kwa hiyo sasa una jozi.

Imo pia bahasha ndogo. Hiyo si yako, ni ya dada. Nimeandika kurasa nyingi nikazichana zote, mwisho ukabaki mstari mmoja. Mpe siku ya kutembelewa. Usimwambie anijibu. Na wewe usiniandikie kuwa amejibu kama hajajibu.

Mjomba wako


Bwenini, 16 Juni

Mjomba,

Shikamoo! Soksi zote mbili nimezivaa sasa hivi.

Nianze na Kabati. Nilipoiweka mpya na kukiendesha kikaguzi, programu yangu ilitoka na mistari myekundu tisa. Tisa, Mjomba! Mimi niliyedhani nimeziba kila kitu kwa ile mistari miwili. Mmoja ulikuwa kwenye sehemu ya kurudisha vitabu, na ungeniangusha mbele ya walimu wote. Nilikaa nayo siku mbili za mapumziko. Kasuku alikaa nami akisoma kwa sauti kila mstari mwekundu kama anayetangaza mpira, mpaka ulipobaki mmoja, kisha sifuri.

Tarehe kumi walimu walikuja kumi na wawili. Bi Miwani alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaniuliza vilevile, "Haitatuangusha?"

Nikasema, "Mwalimu, kuna vitabu haitavipata. Ikivikosa, itakuambia."

Akavuta kiti. Kisha akaanza. Aliandika namba isiyokuwepo. Aliandika sifuri nne. Aliandika namba yenye alama ya kutoa, sijui nani alimfundisha. Mwisho akaandika jina lake mwenyewe mahali pa namba. Kila mara ikamjibu, "Hakuna kitabu hicho. Tafadhali angalia namba tena." Karani alikuwa amesimama nyuma na kitambaa cha kuifunika kompyuta, tayari kuibeba. Alirudi nacho mkononi.

Bi Miwani akasema, "Inakataa kwa adabu." Halafu akamwambia Kasuku azitoe kadi nje zikachomwe, ila mimi nikaomba niachiwe moja. Nimeiweka ndani ya barua hii. Ukiigeuza utaona mende alikula namba yake.

Sasa lile jingine.

Jumapili Mama alikuja. Nilimpa bahasha tulipokuwa kwenye benchi karibu na bomba. Akaangalia mwandiko. Nilidhani ataiweka kwenye mkoba, lakini aliifungua palepale, akasimama kuisoma. Sikuona kilichoandikwa na sikuuliza. Lakini karatasi ilikuwa na mwanga nyuma yake, na mstari ulikuwa mfupi. Aliusoma kwa muda mrefu kuliko urefu wake.

Kibogoyo akamvuta sketi, "Mama, imeandikwa nini?"

Mama akasema, "Imeandikwa hakuwa njiani."

Akaikunja mara mbili. Akatumenyea machungwa. Akaniuliza habari za mitihani, akamkemea Kibogoyo kwa kuchezea bomba. Nikajua imekwisha, na nikaanza kufikiria nitakuandikia nini, kwa sababu ulinikataza kutunga.

Kengele ya kuondoka ilipolia alinikumbatia, akafika mpaka getini, akarudi. Akaniuliza, "Mjomba wako bado anaacha chai mpaka ipoe ndiyo ainywe?"

Nikamwambia sijui, sijaiona chai yako, Mjomba, siku nyingi.

Akasema, "Muulize." Kisha akasema, "Au hapana, usimuulize wewe. Mwambie simu ya zahanati ni ileile, na saa nne asubuhi huwa nina mapumziko."

Kwa hiyo, Mjomba, katika barua hii Mama hakukusalimu. Hakuna salamu, nimeangalia vizuri. Kuna swali moja, nami nimeliandika lilivyo.

Kimya